Gereza la Clink: Fundisho kwa Mwenye Kudai na Mwenye Kudaiwa



Yako magereza ambayo mtu huyapita kwa mbali huku akimwomba Mola amsitiri nayo. Na liko moja ambalo watu hutoa fedha zao wenyewe, wakapanga foleni, ili waingizwe. Hilo liko London, katika mtaa wa Southwark, kusini ya mto Thames, hatua chache kutoka London Bridge. Laitwa Clink. Siku hizi si gereza tena, bali ni makumbusho ya makosa na adhabu za kale, nayo yamewekwa chini ya ardhi, mahali pale pale lilipokuwa gereza lenyewe. Nataka leo tushuke ngazi zake pamoja, mimi na wewe, kwani niliyoyakuta humo yanamhusu kila mtu aliyewahi kukopesha au kukopa. Na ni nani kati yetu ambaye hajapata kufanya moja katika hayo mawili?

Lakini kabla hatujashuka, sina budi kukueleza hali niliyoingia nayo, kwani bila ya hiyo hutajua kwa nini nayaandika haya.

Nilikwenda Uingereza kumtazama dada yangu aliyekuwa mgonjwa, ambaye huishi huko na mwanawe. Huku nyumbani nilikuwa nimeacha shauri halijesha. Jirani yangu mmoja, mvuvi, alinikopa shilingi 60,000 za kutengeneza mashine ya mashua yake. Aliahidi miezi minne. Ukapita mwaka na nusu. Akiniona njiani hukata kichochoro. Msikitini kwanza alihama safu, kisha akahama msikiti. Nami nilighadhibika, wala si kwa ajili ya fedha peke yake, bali kwa kuona kuwa nimedharauliwa na mtu niliyemfanyia wema. Nikaenda kwa wakili. Wakili akanieleza kwamba mahakama ikishatoa hukumu, na mdeni akakataa kulipa, aweza kutiwa ndani. Nakiri mbele yako, ndugu yangu, kwamba maneno yale yalinifurahisha. Nilipanda ndege nikiwa nayo moyoni kama mtu aliyebeba haluwa.

Siku moja mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, wewe wapenda mambo ya kale. Leo nakupeleka jela." Nikamjibu, "Mwanangu, jela haipelekwi mgeni." Akacheka, tukaondoka.

Nje ya jengo kimetundikwa kizimba cha chuma chenye umbo la mwanadamu. Katika zama zile, maiti ya mtu aliyenyongwa ilifungwa ndani ya kizimba kama hicho ikaachwa njia panda, ikipigwa na jua na mvua, ili iwe onyo kwa wapitao. Ukishuka ngazi unapokelewa na giza. Taa zenyewe ni hafifu, dari iko chini, na pembeni mnasimama sanamu za nta: huyu amefungwa ukutani, yule amelala juu ya majani makavu, mwingine amenyoosha mkono kuomba. Pana mikatale ya kubana shingo na mikono. Pana hatamu ya chuma, ambayo mwanamke aliyehesabiwa kuwa na ulimi mkali alivishwa kichwani, na kipande cha chuma kikaingia kinywani kuukandamiza ulimi wake, kisha akazungushwa mjini watu wakimzomea. Pana gogo la kukatia vichwa. Vitu vingi humo mgeni huruhusiwa kuvishika, na watoto waliokuja na wazee wao walikuwa wakiingiza shingo zao katika mikatale wapigwe picha. Mimi niliunyanyua mnyororo wenye tufe la chuma, nikaushika kwa muda wa kusoma Fatiha moja, nikauweka chini. Mkono uliniuma hata jioni.

Vyombo hivyo vya mateso ndivyo vivutavyo macho ya watu, lakini mimi sivyo vilivyonishika. Kilichonishika ni hesabu. Nami nitakufikisha kwenye hesabu hiyo, ila kwanza tujue gereza hili lilikuwa la nani.

Lilikuwa la askofu. Askofu wa Winchester alikuwa miongoni mwa watu wenye mali na nguvu mno Uingereza. Katika karne ya 12, yapata mwaka 1144, Askofu Henry wa Blois, ndugu wa Mfalme Stephen, alijenga kasri lake hapo kando ya mto. Kipande cha ukuta wa kasri hilo, chenye dirisha kubwa la duara, kingali kimesimama hata leo, nawe ukipita njia ile utakiona. Ardhi iliyolizunguka kasri ilikuwa chini ya amri ya askofu, nje ya mamlaka ya mji wa London, naye alikuwa na mahakama yake na gereza lake. Jina Clink likaenea hata likawa neno la mitaani la Kiingereza kwa gereza lolote.

Sasa sikiliza ajabu. Katika ardhi hiyo hiyo palikuwa na nyumba za wanawake wa ukahaba, zilizoruhusiwa kwa kanuni na kulipa kodi zao kwa mwenye ardhi, naye ni askofu. Mwanamke akivunja kanuni, aliingia katika gereza la askofu. Na desturi ya mtaa yasema kuwa wanawake hao walipokufa walizikwa mahali paitwapo Cross Bones, ardhi isiyobarikiwa na kanisa. Maisha yao yalikuwa halali kwa kodi, na maiti zao zikawa haramu kwa makaburi! Nyumba hizo zilifungwa kwa amri ya Mfalme Henry wa Nane mwaka 1546.

Usiharakie kucheka, ndugu msomaji. Sikukueleza haya ili tuwaseme watu wa dini nyingine. Kila mwenye kushika dini kwa mkono mmoja na mfuko kwa mkono wa pili yumo katika hatari hiyo, awe amevaa joho au amevaa kanzu.

Clink liliwafunga pia watu wa imani. Alipotawala Malkia Mary, aliyekuwa Mkatoliki, waliofungwa ni Waprotestanti. John Rogers na John Hooper walipitishwa humo mwanzoni mwa mwaka 1555, na mwezi wa Februari wote wawili wakachomwa moto hali wa hai, kila mmoja mji wake. Alipomfuata Malkia Elizabeth, Mprotestanti, gereza ni lile lile, ila sasa waliomo ni Wakatoliki, pamoja na Waprotestanti waliolikataa kanisa la serikali. Mtu mmoja, Henry Barrow, alikwenda Clink kumzuru rafiki yake John Greenwood aliyefungwa kwa ajili ya imani. Alikwenda mgeni akazuiliwa, hakuachwa atoke. Mwaka 1593 wote wawili walinyongwa. Huo ndio mwaka Wareno walioanza kujenga Ngome ya Mombasa, nayo pia ilikuja kuwa gereza, kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, chini ya Waingereza. Leo nayo ni makumbusho, na wanafunzi wetu huingia wakicheka, kama walivyokuwa wakicheka wale watoto wa London.

Tuje kwenye hesabu.

Kadiri miaka ilivyopita, Clink lilikuwa zaidi gereza la wadeni. Mtu hakufungwa kwa kuiba wala kwa kuua, bali kwa kuwa amekopa na ameshindwa kulipa. Na mkuu wa gereza hakuishi kwa mshahara wa kumtosha. Aliishi kwa kuwatoza wafungwa. Kuingia ulilipa. Kitanda ulilipa. Chakula na mshumaa ulilipa. Ukitaka pingu nyepesi badala ya nzito ulilipa, na ukitaka kufunguliwa kabisa ulilipa zaidi. Hata siku ya kutoka ulidaiwa ada ya kufunguliwa mlango. Mwenye jamaa na mali aliishi; asiye nacho aliuza nguo zake, na zikisha nguo alinyoosha mkono kupitia vyuma vya dirisha lililo sawa na njia, akiwaomba wapitao mkate.

Hebu tafakari. Mtu amefungwa kwa kuwa hana fedha. Akiwa ndani hawezi kufanya kazi. Na akiwa hawezi kufanya kazi, deni lazidi kila siku kwa ada za gereza. Aliingia na deni moja, sasa anayo mawili: la mwia wake na la mlinzi wake. Ni nani aliyefaidika? Mwia hakupata fedha zake. Mke na watoto walipoteza mchumaji. Aliyefaidika ni mwenye funguo peke yake.

Niliposimama mbele ya sanamu ile ya nta yenye mkono ulionyooka, nilimkumbuka yule mvuvi. Nikajiuliza: nikimfunga, mashua itavua yenyewe?

Wala si Clink peke yake. Kiasi cha mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu palikuwa na gereza jingine la wadeni, Marshalsea. Tulikwenda tukauona ukuta wake uliobaki karibu na kanisa la St George. Mwaka 1729 bunge la Uingereza lilituma kamati, mwenyekiti wake James Oglethorpe, kuchunguza magereza ya wadeni, na katika Marshalsea ilikuta wafungwa maskini wakifa kwa njaa. Mwaka 1824 alifungwa humo karani mmoja, John Dickens, kwa deni la pauni 40 na kidogo alilowiwa na mwokaji mikate. Mwanawe Charles alikuwa na umri wa miaka 12. Alikuwa ametolewa shuleni na kutiwa kazini katika kiwanda cha rangi ya viatu, akifunga na kubandika karatasi katika vikopo. Baba alitoka baada ya miezi kama mitatu, lakini mtoto hakuisahau aibu ile umri wake wote. Alikuwa mwandishi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, na gereza la wadeni halikukoma kurudi katika vitabu vyake. Utaona basi kwamba kifungo cha mdeni hakimfungi mdeni tu. Humfunga na mtoto ambaye hata hakujua deni ni nini.

Mtu mwingine, John Howard, alipofanywa mkuu wa sheria wa jimbo la Bedford mwaka 1773, alikuta jambo ambalo wenziwe walikuwa wakiliona kila siku bila kuliona. Alikuta watu ambao mahakama imekwisha kusema hawana hatia, nao wamerudishwa gerezani kwa kuwa hawana ada ya kumlipa mlinzi. Alizunguka nchi nzima akihesabu na kuandika, na mwaka 1774 bunge likapitisha sheria ya kuwafungua watu kama hao bila malipo. Hakuwa na jeshi wala hazina. Alikuwa na daftari na kalamu.

Zama hizo sheria za Uingereza zilikuwa kali mno. Kufikia mwanzo wa karne ya 19 makosa yaliyoweza kumpeleka mtu kwenye kitanzi yalizidi 200. Kuiba ndani ya nyumba kitu cha thamani ya shilingi 40 kilikuwa kifo. Ikawaje? Wazee wa baraza waliokaa kuamua kesi walimwona mbele yao mtumishi msichana aliyeiba, wakamhurumia, wakaapa kuwa kitu kile thamani yake ni shilingi 39. Kila mtu alijua kuwa ni uongo. Sheria ikivuka kiasi, hata mwadilifu hulazimika kusema uongo ili asidhulumu. Na mahali uongo unapokuwa ndiyo huruma, haki imekwisha kuhama.

Clink lenyewe lilikwisha kwa moto. Mwezi wa Juni mwaka 1780 kulizuka ghasia kubwa London, wakiongozwa watu na Lord George Gordon kupinga sheria iliyowalegezea Wakatoliki. Wenye ghasia walivunja na kuchoma magereza, Clink likiwamo, na halikujengwa tena. Ama kufungwa kwa deni, sehemu kubwa ya desturi hiyo iliondolewa Uingereza kwa sheria ya mwaka 1869.

Lakini usidhani kwamba hiki ni kisa cha Wazungu na kale yao. Sheria za Kiingereza zilisafiri kwa meli zikashuka pwani hii, na sheria ya Kenya ya mashauri ya madai hata leo yaruhusu, kwa masharti, mdeni kuwekwa gerezani hadi miezi sita. Na mwenye kuomba afungwe mwenziwe ndiye atoaye posho ya chakula chake huko ndani. Tena mdeni akitoka, deni halikufutika. Yaani mimi ningalilipa nimlishe mvuvi wangu akae bure, naye angalitoka akiwa anadaiwa kama alivyoingia. Wakili alinieleza hayo, lakini sikio langu siku ile lilichukua neno moja tu: kufungwa.

Na katika nyumba yetu wenyewe, je, tu wasafi? Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, alipomwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu chake cha kodi za ardhi, katika karne ya 8, alimlalamikia juu ya wafungwa waliokuwa wakitolewa nje na minyororo yao kuomba sadaka njiani. Akamtaka awape chakula kutoka hazina, na nguo za baridi na nguo za joto. Basi mkono ulionyooka wa Southwark ulikuwapo Baghdad kabla yake. Tofauti ni kuwa palikuwa na mwanachuoni aliyeuona, akamwandikia mtawala bila kuogopa.

Mafakihi wetu waliruhusu kumzuia mdeni mwenye uwezo anayefanya ujanja, mpaka atoe haki ya watu. Lakini ikithibiti kuwa hana, huachiliwa, na mwia huamrishwa kumngojea mpaka apate wasaa; na kumsamehe ni bora zaidi. Hili limo ndani ya Qur'ani, katika Suratul Baqara, wala hapana asiyelijua. Mimi nimelisomesha madrasa kwa zaidi ya miaka 30. Ajabu ni kwamba ilinibidi nishuke chini ya ardhi ya London ndipo lipande kutoka ulimini hadi kichwani.

Niliporudi sikwenda kwa wakili. Nilikwenda ufukoni alasiri moja, nikamkuta mvuvi wangu akishona jarife, tena si lake, la mtu mwingine kwa ujira. Alipotaka kuinuka nikamwambia, "Kaa, Bwana." Nikakaa naye mchangani. Nilimuuliza mashine imekuwaje, jambo ambalo kwa mwaka na nusu sikupata kumuuliza. Akanieleza kuwa ilitengenezwa, ikafanya kazi wiki sita, ikafa tena, na mashua iko juu ya magogo tangu siku hiyo.

"Mbona hukuja kunieleza?" nikamwambia.

Akanyamaza, kisha akasema, "Sheikh, ningekuja na nini?"

Sikuwa na jawabu. Kwa kweli, lau angalikuja mikono mitupu, ningalimfukuza kwa maneno.

Tuliafikiana shilingi 1,500 kila mwezi, tukaandikiana mbele ya mashahidi wawili, kama tulivyotakiwa tufanye tangu mwanzo na hatukufanya. Sitakudanganya kwamba mambo yamenyooka. Amelipa miezi saba, na miwili amekosa. Lakini miezi hiyo miwili alikuja mwenyewe mlangoni, akabisha hodi, akasema hana. Na amerudi msikitini. Fedha zangu nyingi zingali kwake, na kuna siku nafsi yangu hunikumbusha jambo hilo kwa ukali. Siku hizo huukumbuka ule mnyororo nilioushindwa.

Basi ewe unayedai, kabla hujakwenda kwa wakili, nenda kwa mdeni wako. Muulize hali yake kwanza, ujue je, hana au hataki. Ikiwa hana, kumfunga ni kujinyima mali yako kwa mkono wako mwenyewe, na kumwadhibu mtoto asiyekukopa. Ikiwa anacho na hataki, haki yako iko, idai bila haya.

Nawe unayedaiwa, usifanye haya yangu kuwa ngao. Kuchelewesha kwa mtu aliye nacho ni dhulma, na wako wanaovaa gari na harusi kwa fedha za watu, ilhali mwia wao anakopa unga dukani. Ukiwa nacho, lipa leo. Ukiwa huna, usikate kichochoro: nenda kabishe hodi ukaseme sina. Neno hilo ni zito, nalijua. Lakini ni jepesi kuliko mnyororo, na mara nyingi hufungua mlango ambao funguo za mlinzi hazikuweza kuufungua.

Wabillahi tawfiq.